Mbeya au Iringa? Kwa anayetaka kuiaga Dar

Simu hizi huja mwisho wa mwaka, kodi ya nyumba inapokaribia kuisha. "Kaka, hivi huko maisha yakoje? Nimechoka na foleni, nataka nije huko huko." Zamani nilikuwa najibu palepale: njoo, huku kuna hewa. Siku hizi nauliza kwanza: unakuja na hela yako, au unakuja kuitafuta?

Maana hilo linaamua karibu kila kitu. Mwalimu aliyehamishwa, mstaafu mwenye pensheni, kijana anayefanya kazi za kompyuta kwa wateja walioko mbali, hao wanakuja na hela yao. Fundi, mwenye saluni, muuza nguo, mpishi wa shughuli, hao wanakuja kuitafuta. Mji uleule unaweza kumpokea wa kwanza kwa mikono miwili na kumtoa wa pili kwenye mtaji ndani ya mwaka.

Nimekaa Iringa miaka mitatu nikiwa na duka la steshenari, kisha nikahamia Mbeya, na huu ni mwaka wa sita nauza vifungashio Mwanjelwa. Sehemu kubwa ya ninayoyasema hapa nimeyalipia.

Nitaipima miji hii miwili kwa mambo yaleyale: kipato, nyumba na kiwanja, baridi, safari, hospitali na shule, soko la chakula, na watu. Havilingani uzito. Kipato na nyumba ndivyo vinavyorudisha watu Dar. Kuhusu mengine watu hulalamika tu na kubaki.

Kwanza, mji wenyewe umekaaje

Ukitaka kuielewa tofauti ya Mbeya na Iringa, itazame barabara ya TANZAM, ile kuu ya kwenda Zambia. Mbeya imekaa barabarani. Kuanzia Uyole mpaka Mbalizi mji umejipanga kando ya lami kama nguo kwenye kamba, na malori ya kwenda Zambia na Kongo yanapita katikati ya maisha ya watu usiku na mchana. Iringa imekaa juu ya barabara. Lami kuu inapita chini, Ipogolo, kando ya Mto Ruaha Mdogo. Mji uko juu kilimani, na anayeufikia ni aliyeamua kupanda. Lori haliingii mjini kwa bahati mbaya.

Kwa sensa ya 2022 jiji la Mbeya lina watu zaidi ya laki tano, na manispaa ya Iringa laki mbili hivi. Dar uliyoizoea ina zaidi ya milioni tano. Kwa hiyo hata Mbeya, ambayo wa Iringa wanaiona ina fujo, kwa mtu wa Mbagala ni kama kata moja iliyochangamka.

Kipato

Mbeya inaishi kwa mpita njia. Njia ya Tunduma inapeleka mzigo Zambia na Kongo, njia ya Kasumulu inapeleka Malawi, na kila gari linalosimama linahitaji kitu: tairi, welding, chakula, gesti, vocha. Juu ya hapo kuna mpunga wa Mbarali na Kyela, viazi vya Uporoto, ndizi na maparachichi ya Rungwe, na dhahabu ya Chunya, ambayo ndiyo iliyouanzisha mji huu mwaka 1927. Kuna kiwanda cha saruji, kuna viwanda vya bia na soda, kuna mabenki na ofisi za kanda. Faida yake ni kwamba wateja si wa aina moja. Wakulima wakikauka mwezi wa pili, wa malori wapo. Mpaka ukikwama, mpunga unavunwa.

Ubaya wa Mbeya ni kwamba hapa kila mtu ni mfanyabiashara, na wengi ni wazuri kuliko wewe. Wakinga wa Makete wana jina la biashara Tanzania nzima, na huku ndiko nyumbani. Ukileta wazo jipya Jumatatu, Ijumaa jirani analo, tena kwa bei ya chini. Fremu nzuri za Mwanjelwa na Kabwe hazipatikani kwa kodi tu. Utaombwa na kilemba, hela ya kuachiwa fremu juu ya kodi, na wakati mwingine kilemba kinauzidi mtaji ulionao.

Iringa inaishi kwa mshahara na kwa mwanafunzi. Kuna vyuo vikuu vya Mkwawa, Ruaha Catholic na Chuo Kikuu cha Iringa, na vyuo vya kati kibao. Kuna watumishi wa serikali na mashirika, watalii wachache wanaoelekea Hifadhi ya Ruaha, na hela ya mbao inayopanda kutoka Mafinga. Ushindani ni wa upole. Ukiwa na ujuzi ambao haujajaa mjini, uwe fundi mzuri wa suti, wa umeme wa jua au wa kutengeneza simu, ndani ya miezi mitatu watu wanaelekezana kwako.

Lakini kalenda ya Iringa ni ya chuo. Mwaka wangu wa kwanza nilifungua duka mwezi wa nne. Mei na Juni nikauza mpaka nikaanza kuulizia bei za viwanja. Julai vyuo vikafunga. Agosti nilikuwa nikikaa dukani namsikiliza fundi viatu wa jirani akipiga nyundo, maana kingine cha kusikiliza hakikuwepo. Kodi ya fremu haikwenda likizo. Niliokolewa na kadi za harusi, kwa sababu msimu wa harusi unaangukia humo humo, na tangu hapo kila anayeniambia anafungua kitu karibu na chuo namuuliza: Agosti utauza nini?

Na soko la Iringa lina dari. Ukiifikia, umeifikia. Hilo ndilo lililonileta Mbeya, wala si kwamba Iringa ilinishinda.

Kwa mwajiriwa hesabu ni nyingine. Mshahara wa serikali ni uleule uwe Temeke au Kihesa ya Iringa, kwa hiyo kuhama kunakuongezea. Kwenye kampuni binafsi, mara nyingi cheo kilekile huku kinalipwa pungufu, na ukiachishwa kazi hakuna kampuni ishirini za kupeleka barua. Hilo linagonga miji yote miwili, Iringa zaidi.

Nyumba na kiwanja

Kotekote mwenye nyumba atataka miezi sita au mwaka mzima kwa mkupuo, na dalali atachukua kodi ya mwezi mmoja. Hapo hujaikimbia Dar. Nafuu iko kwenye unachokipata kwa hela hiyo: ile ya vyumba viwili vya Sinza huku inakupa nyumba yenye uwanja wa kuanikia nguo na kona ya kupanda mchicha.

Iringa, mitaa ya wenye nafasi ni Gangilonga na Wilolesi. Kihesa, Mkwawa na Mtwivila ni ya watu wa kawaida, ila huko unagombania vyumba na wanafunzi; ukija vyuo vinapofunguliwa utalipa bei ya hasira. Njoo Agosti, wakati wenye vyumba wanasinzia kama nilivyosinzia mimi dukani. Mbeya, Forest na Uzunguni ndiyo mitaa ya utulivu. Isyesye, Itezi na Uyole ndiko wengi wanakojenga sasa. Soweto na Mwanjelwa ni karibu na hela lakini hupumziki.

Kujenga huku kuna raha yake. Matofali ya kuchoma yapo, mbao zinatoka Mafinga na Njombe, na mafundi wengi waashi unaowasikia Dar walijifunzia huku. Ila Iringa chunguza mwamba na mteremko kabla ya kulipa. Kiwanja cha juu chenye mandhari ya kupiga picha kinaweza kumeza nusu ya bajeti kwenye msingi. Mbeya chunguza barabara. Hifadhi ya barabara kuu ni mita 30 kila upande kuanzia katikati ya lami, na kazi ya kuipanua njia kuu kuwa njia nne ilipoanza, watu wengi wa kandokando walijifunza maana ya alama ya X ukutani. Kiwanja cha bei rahisi kinachoangalia lami, jiulize kwa nini ni rahisi.

Usinunue kwa karatasi ya mjumbe na mashahidi wawili. Nenda ofisi ya ardhi ya halmashauri, uone kiwanja kwenye ramani, uone hati ni ya nani. Mwenzangu mmoja alinunua Mbeya eneo lenye familia ya ndugu saba; alilipwa mmoja, wakaja sita.

Kitu kimoja cha ndani ambacho mtu wa Dar hakiangalii: dari. Nyumba ya bati tupu isiyo na dari, mwezi wa saba ni jokofu.

Baridi

Iringa iko kwenye mita 1,500 na ushee juu ya usawa wa bahari, Mbeya mita 1,700 hivi. Juni hadi Agosti ndiyo miezi ya kujuana. Baridi ya Iringa ni kavu na ina upepo unaopenya sweta. Mchana ukikaa juani unasahau. Ya Mbeya inashuka na giza kutoka mlima Loleza, na msimu wa mvua, Novemba mpaka Aprili, mji unalowa kweli kweli. Nguo nzito zinakaa siku mbili kwenye kamba. Kisha kiangazi kikija, vumbi.

Yapo mambo madogo usiyoambiwa. Maji huchemka kabla hayajafika joto la Dar, kwa hiyo maharage yaleyale yanachukua muda mrefu na mtungi wa gesi unaisha mapema. Utanunua blanketi zito, sweta za mtumba za watoto, na mwishowe utanunua kichemshio cha maji ya kuoga baada ya kuapa kwamba hutahitaji.

Upande wa pili, unalala bila feni na malaria ni ya kusikia kwa nadra, ilimradi hushuki mara kwa mara Kyela au mashamba ya Mbarali. Familia yenye mtoto wa sikoseli ifikirie mara mbili na kuzungumza na daktari kabla ya kufunga mizigo: baridi huamsha maumivu. Wenye pumu nao vumbi la kiangazi linawahusu.

Safari

Dar hadi Iringa ni kilomita 500 hivi, hadi Mbeya ni zaidi ya 800. Kwa basi, Iringa ni safari ya kutwa na jioni unaoga nyumbani. Mbeya ni kutwa na kipande cha usiku. Miji yote miwili unaifikia kwa kupanda mlima Kitonga, na foleni ya malori pale ikifunga hakuna aliye salama. Anayekwenda Mbeya anaongezewa miteremko ya kuingilia mjini kutoka Inyala, mahali ambapo ajali za malori yaliyokatika breki si habari ngeni.

Mbeya ina uwanja wa ndege wa Songwe, uliofunguliwa 2012, nje kidogo ya jiji, na treni ya TAZARA, ambayo ni ya mtu asiye na haraka. Iringa ina kiwanja cha Nduli, lakini ratiba ya ndege iulizie kabla ya kuiwekea mipango. Ina pia jambo ambalo Mbeya haina: barabara ya Mtera inakufikisha Dodoma kwa asubuhi moja. Kama shughuli zako ni za wizarani, hilo ni kubwa kuliko ndege.

Ndani ya mji, bajaji na daladala zinatosha kotekote. Mbeya ina foleni, usidanganywe: Mafiat, Kabwe na Mwanjelwa jioni zitakukumbusha Tazara na Buguruni za Dar, tofauti ni kwamba huku inaisha.

Hospitali na shule

Hapa Mbeya iko mbele. Hospitali ya Rufaa ya Kanda inahudumia nyanda za juu kusini nzima, na ina hospitali ya Meta kwa akina mama. Iringa ina hospitali ya rufaa ya mkoa na ile ya misheni ya Tosamaganga nje ya mji, na kwa magonjwa ya kawaida na uzazi hutapungukiwa. Ila ugonjwa ukihitaji bingwa ambaye hapo hayupo, safari ni ya Mbeya, Dodoma au Muhimbili. Mzazi mzee mwenye kliniki ya kila mwezi, lipime hili kabla ya mandhari.

Shule za kulipia zipo za kutosha kotekote. Iringa ina sifa ya muda mrefu ya mji wa shule, na mtoto anaweza kutembea kwa miguu bila roho kukuruka. Mbeya ina vyuo vya ufundi na sayansi, Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia Mbeya (MUST) kikiwa ndicho kikubwa, na kada za afya.

Sokoni

Mama mwenye nyumba wangu wa Iringa alinicheka siku niliporudi na nyanya nne. "Mwanangu, huku nyanya hazihesabiwi." Ilula iko jirani, nyanya na vitunguu vinauzwa kwa ndoo. Kuna njegere, viazi, maziwa mazuri, samaki wa Mtera, na msimu wa matunda kuna pichi na peasi. Mbeya kuna mchele ambao Dar unauziwa kwa jina tu, kuna ndizi za Tukuyu, kuna maparachichi ya kulisha mtaa, na dagaa wa Ziwa Nyasa.

Utakachokikosa kote ni pwani. Nazi ipo kwa bei ya mgeni, samaki wa bahari ni wa barafu, na urojo utaupika mwenyewe. Mtu wa Tanga niliyekaa naye alikuwa akitumiwa nazi kwenye buti la basi kama dawa.

Watu

Iringa utaamkiwa "Kamwene" na utatakiwa kuitikia kabla ya kuuliza bei. Watu wana staha, wanakuchunguza taratibu, na mgeni anaweza kuona wamefunga. Wakikuzoea, wamekuzoea. Kila mtu anajua saa ngapi umerudi nyumbani. Kwa aliyekimbia Dar ili apate jirani, hiyo ni neema. Kwa aliyezoea kutojulikana, ni jela yenye maua.

Mbeya ni mji wa waliokuja. Wasafwa ndio wenyeji, kisha Wanyakyusa, Wandali, Wanyiha, Wakinga, na Wazambia wa kutosha. Hakuna anayekuuliza umetoka wapi zaidi ya mara moja. Watu wanaongea wazi, wanabishana kwa sauti, Jumapili makanisa yanajaa na uwanja wa Sokoine pia, hasa timu ya Mbeya City inapocheza. Usalama wa usiku ni kama mji wowote wenye stendi na malori: kuna kona unazijua na kuziacha.

Na Njombe je? Na kubaki Dar?

Njombe huulizwa siku hizi kwa ajili ya maparachichi na miti. Ni baridi kuliko Mbeya na Iringa, mji ni mdogo, na hela yake ni ya shamba. Msonobari unaupanda leo unauvuna miaka kumi na zaidi ijayo. Mtu hahamii mji kwa zao hilo, anahamia akiwa na kitu kingine cha kula wakati miti inakua.

Kubaki Dar nako ni chaguo halali. Kama wateja wako wako Kariakoo, kama ujuzi wako unahitaji kampuni kubwa, au kama mwenzi wako ana kazi nzuri ambayo huku haipo, foleni ni gharama ya biashara tu. Nimeona ndoa mbili zilizogawanyika mmoja Iringa mmoja Dar kwa "miezi sita tu". Nauli ya basi ilikula nafuu yote ya kodi.

Kwa hali yako

Una pensheni au kazi ya mtandaoni na afya yako ni nzuri: anza na Iringa, panga Wilolesi au Kihesa, ila kabla ya kulipa simama ndani ya chumba chenyewe upime intaneti ya mitandao miwili, maana vilima vinaficha minara.

Una mtaji mdogo na mikono ya biashara: Mbeya, lakini miezi mitatu ya kwanza uza kwa mtu au kwenye meza, usilipe kilemba kabla hujajua mteja anapita upande gani wa barabara.

Una ujuzi adimu na hupendi kusukumana: Iringa itakupa jina haraka kuliko Mbeya. Jua tu kwamba siku utakapotaka kukua mara tatu, huenda ukahama tena.

Ni mtumishi na umepewa nafasi ya kuchagua kituo: mwenye watoto wadogo wengi hupata raha Iringa, mwenye mgonjwa nyumbani achague Mbeya. Anayetaka kusoma huku akifanya kazi atapata chuo kotekote.

Unataka kujenga na kuzeekea huku lakini bado una miaka kumi ya kazi Dar: nunua kiwanja kilichopimwa na usihame bado. Panda miti ya mpaka, mlipe jirani kidogo akuangalizie, na uje mwenyewe angalau mara mbili kwa mwaka, kwa sababu kiwanja kisichotembelewa huku huota mahindi ya mtu.

Na kama bado unayumba, chukua likizo ya wiki moja mwezi wa saba, si Desemba. Desemba kila mahali ni kuzuri, ndugu wamerudi, nyama inachomwa. Mwezi wa saba amka saa kumi na mbili Mbeya siku tatu, Iringa siku tatu, oga kwa maji ya bomba, panda daladala ya watu wanaokwenda kazini. Siku ya saba utakuwa kwenye basi la kurudi, na kabla ya Kitonga utakuwa umeshajua unaloliwazia ni duka gani, chumba kipi, au kwamba umelikumbuka joto la Dar.